Mlango wa Otomatiki Unaopiga Kelele: Kuusafisha, Kuubadilishia Magurudumu na Reli, au Kuuwekea Mtambo Mpya?

Msimamizi wa jengo la biashara ambaye mlango wake wa kioo wa kuteleza umeanza kunguruma au kulia kila mteja anapoingia ana njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kusafisha na kurekebisha kilichopo bila kununua kipuri chochote. Ya pili ni kubadilisha sehemu zilizochakaa, ambazo mara nyingi ni magurudumu yanayobeba kioo pamoja na reli yanamopita. Ya tatu ni kuondoa mtambo wote uliomo ndani ya boksi la juu na kuweka mwingine, huku vioo vyenyewe vikibaki. Nimesimamia matengenezo ya majengo ya ofisi na maduka jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni mwenye jengo kuchagua njia kabla hajajua kelele inatoka wapi. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na sikio, kisha ndipo unafika kwenye fedha.

Sikiliza kwanza umeme ukiwa umezimwa

Mlango wa kuteleza hauna mambo mengi. Juu ya mwanya, ndani ya boksi la alumini, kuna mota yenye giaboksi, puli mbili, na mkanda wenye meno uliozungushwa kwenye puli hizo. Kila kioo kinachotembea kimening'inizwa kwenye vibebeo viwili vyenye magurudumu ya plastiki ngumu, kwa kawaida nailoni au poliurethani, yaliyotiwa beringi katikati. Magurudumu hayo hupita juu ya reli ya alumini. Chini, kioo kinaongozwa na kipande kidogo kilichofungwa sakafuni ili kisiyumbe, na pembeni kuna brashi za kuzuia upepo na vumbi.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Zima umeme, na kama mtambo una betri ya akiba, ichomoe pia, kwa sababu mitambo mingi huendelea kuusogeza mlango kwa betri baada ya umeme kukatika, na kidole kilichoko kwenye puli wakati huo kinaweza kupotea. Kisha sukuma kioo kwa mkono, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kelele ikibaki ileile, tafuta kwenye magurudumu, reli au kiongozi cha sakafuni. Kelele ikitoweka au ikipungua sana, geukia mota, giaboksi, puli na mkanda. Jibu linakuwa wazi zaidi fundi akifungua kishikio kinachounganisha mkanda na kioo, kwa kuwa mkanda ukiwa umefungwa, mkono wako unazungusha pia giaboksi bila wewe kujua.

Baada ya hapo, sikiliza mpangilio wa mlio. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 40 humaliza mzunguko mmoja kwa kila milimita 126 hivi za safari, kwa hiyo mlio wa "tak, tak, tak" unaorudi kila baada ya sentimita 12 au 13 ni dalili ya gurudumu lililopata bapa upande mmoja, jambo ambalo hutokea beringi ikikwama na gurudumu likaburutwa badala ya kuviringika. Mlio unaotokea mahali palepale kila mara, bila kujali mwendo wa mlango, uko kwenye reli: pana kokoto, tundu au mkwaruzo. Mlio mwembamba kama filimbi mara nyingi ni wa mkanda uliokwenda pembeni ya puli au wa beringi iliyokauka. Kukwaruza kunakosikika miguuni ni mchanga katika mfereji wa chini, au kioo kimeshuka.

Zipo pia kelele ambazo hazihitaji njia yoyote kati ya zile tatu kwa ukamilifu wake. Kishindo mlango unapofika mwisho hutokana zaidi na mipangilio ya kupunguza mwendo, au stopa za mpira zilizokatika. Katika miji yetu jambo hili linahusiana na kukatika kwa umeme. Umeme ukirudi, mitambo mingi hufanya safari ya kwanza polepole ili kutambua upya mwisho wa njia, na kama wakati huo kuna zulia au kifaa cha kufanyia usafi kimezuia kioo, mtambo unaweza kushika mpaka usio sahihi na kuanza kugonga au kuacha mwanya. Ondoa kizuizi, zima, washa tena, na usubiri safari hiyo ya polepole imalizike kabla hujampigia fundi simu. Mvumo unaosikika mlango ukiwa umetulia ni wa transfoma au kufuli ya umeme inayotetemesha kifuniko. Kibonyeze kifuniko kwa kiganja, na mvumo ukinyamaza, skrubu ndizo zilizolegea.

Kusafisha, au kubadilisha magurudumu na reli?

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo, kwa kuwa njia hizi mbili zinatibu milio inayofanana sana masikioni.

Kusafisha na kurekebisha huchukua saa moja hadi mbili, asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Vifaa vyake ni kitambaa kisichoacha nyuzi, spiriti, brashi laini, mashine ya kufyonza vumbi na funguo chache. Reli inafutwa kwa spiriti urefu wake wote, magurudumu yanafutwa huku yakizungushwa kwa kidole, mchanga unafyonzwa kwenye mfereji wa sakafuni, skrubu za kifuniko zinakazwa, na mkanda unaangaliwa. Mkanda uliolegea huruka jino mlango unapoanza au kusimama, na uliokazwa kupita kiasi hulia na kuzielemea beringi za mota. Fundi mzuri ataangalia pia gurudumu dogo linalozuia kioo kisinyanyuke kutoka kwenye reli. Likigusa reli muda wote hukwaruza, na likiwa mbali mno kioo hurukaruka. Kipimo chake kimeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na kwa kawaida ni nafasi nyembamba kuliko kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76.

Jambo moja katika njia hii huharibu milango mingi kuliko uchakavu wenyewe, nalo ni mafuta. Reli na magurudumu ya plastiki hayapakwi oili wala grisi. Mafuta ya kupulizia huunyamazisha mlango kwa siku chache, lakini hunasa vumbi, na mchanganyiko huo huwa uji mweusi unaoisaga reli kama msasa. Mafuta mepesi ya namna hiyo yakipenya ndani ya beringi huosha grisi iliyowekwa kiwandani. Katika jengo moja nililolisimamia, mlinzi alikuwa akipulizia mafuta kila Jumatatu, kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyemkataza kwa sababu mlango ulikuwa unanyamaza kila alipofanya hivyo. Tulipofungua boksi, reli ilikuwa na mifereji miwili inayohisika kwa ukucha, na kazi ambayo ingemalizwa kwa kitambaa na spiriti ikawa kazi ya reli mpya na magurudumu manane. Silikoni kidogo inaweza kutumika kwenye brashi na mipira ya pembeni, na iishie hapo.

Kusafisha kunatosha pale tu mambo matatu yanapokuwa mazima baada ya uchafu kuondoka: reli ni laini chini ya ukucha, gurudumu ni duara kamili, na beringi inazunguka bila kukwama wala kutoa hisia ya changarawe kwenye kidole. Likikosekana moja, usafi utakununulia wiki mbili tatu za utulivu, kisha mlio utarudi ukiwa mkubwa zaidi. Beringi za magurudumu haya kwa kawaida zimefungwa, haziongezwi grisi, hubadilishwa. Na mara nyingi beringi imeshindiliwa ndani ya gurudumu kiasi kwamba hubadilishwa gurudumu zima.

Njia ya pili inataka nusu siku na watu wawili, wala si suala la kupunguza gharama kwa kumtuma mmoja. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene wake. Kioo cha milimita 10 chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 2.2 kina kilo 55 kabla fremu haijahesabiwa, na kikiteleza kutoka kwenye kibebeo hakuna mtu mmoja atakayekizuia. Magurudumu ya kioo kimoja hubadilishwa yote kwa pamoja, kwa sababu jipya likikaa pamoja na yaliyoliwa, mzigo unaegemea upande mmoja na kioo kinainama. Vilevile gurudumu jipya juu ya reli yenye mifereji litaharibika upesi, kwa hiyo reli na magurudumu ni ununuzi mmoja pale reli inapokuwa imeliwa. Uliza mapema kama reli ya mtambo wako ni kipande kinachochomoka au imeumbwa pamoja na boksi la alumini. Ikiwa inachomoka, bei inabaki ndogo. Ikiwa imeumbwa pamoja na boksi, njia ya pili inaanza kukaribia ya tatu kwa gharama, na hesabu yako yote inabadilika.

Namna bora ya kuamua kati ya hizi mbili ni kuhesabu safari za mlango. Watengenezaji kadhaa wa mitambo hii hutangaza kwamba wameipima kwa mizunguko 1,000,000 ya kufungua na kufunga. Mlango wa duka kubwa unaofunguka mara 1,500 kwa siku hufikisha mizunguko 547,500 kwa mwaka, na hivyo huimaliza milioni hiyo kabla ya mwaka wa pili kwisha. Mlango wa ofisi unaofunguka mara 150 kwa siku utahitaji miaka 18. Mlango wa ofisi unaonguruma baada ya miaka mitatu, basi, una uwezekano mkubwa wa kuwa mchafu au kuwa umelegea mahali. Mlango wa duka wa umri uleule umechakaa, na magurudumu yake yanapaswa kuhesabiwa kama matairi ya daladala, yaani kitu kinachoingia kwenye bajeti ya kila kipindi bila kumshangaza mhasibu. Kwa milango yenye watu wengi, mimi huchagua njia ya pili mapema, hata pale ambapo usafi ungeweza kunipa mwezi mmoja zaidi.

Lini mtambo mpya unastahili

Mtambo mpya una sifa moja isiyopingika: unaondoa mota, giaboksi, puli, mkanda, reli na kadi ya kudhibiti (bodi ya elektroniki inayouongoza mtambo) kwa mkupuo mmoja, na ukifungwa vizuri mlango unakuwa kimya. Gharama yake, hata hivyo, haiishii kwenye bei ya mtambo. Mlango utafungwa siku moja au mbili, matundu ya zamani kwenye boriti hayatalingana na mapya, vihisi itabidi vipangwe upya, na vibebeo vya mtambo mpya huenda visikubali fremu ya vioo vyako.

Ninaichagua njia hii katika hali tatu. Ya kwanza ni pale giaboksi inaposaga hata ikizunguka bila mzigo, na giaboksi hiyo haiuzwi tena. Ya pili ni pale kadi ya kudhibiti imekufa na mtengenezaji ameacha kuitoa. Hapo mtambo umeisha, hata kama magurudumu ni mazima. Ya tatu ni pale vioo vina uzito kuliko ule uliotajwa kwenye kibandiko cha mtambo, kosa linalotokea jengo linapokarabatiwa na vioo vya milimita 10 kubadilishwa kwa vya milimita 12 bila mtu kuuliza. Kila milimita inaongeza kilo 2.5 kwa mita ya mraba, na kwa kioo cha vipimo nilivyovitaja hapo juu nyongeza ni kilo 11. Mtambo utalalamika daima, na magurudumu mapya hayatamaliza malalamiko hayo. Kama mota na giaboksi zinauzwa peke yake, kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaizungumzii sana: nunua kitengo hicho kimoja, uache reli na magurudumu kama ni mazima.

Pana mtego mwingine wa kuuangalia kabla ya kusaini. Boriti iliyoinama katikati huipinda reli yoyote inayofungwa juu yake. Weka pima maji kwenye reli kabla ya kuagiza chochote, na uangalie pia kama ukanda wa mpira uliopo chini ya reli umeoza, kwa sababu bila huo mtikisiko unahamia kwenye vioo visivyotembea na ukuta wote wa mbele unavuma. Mtambo mpya juu ya boriti iliyopinda utanguruma kama wa zamani, na fedha zitakuwa zimekwisha. Katika jengo la ghorofa moja tulibakiza siku chache tulipie mtambo mpya kwa kelele iliyosemekana kuwa ya mota. Jaribio la kusukuma kwa mkono umeme ukiwa umezimwa lilionyesha kwamba kiongozi cha sakafuni kilikuwa kimeliwa hadi chuma kikagusana na fremu. Kipande hicho kinatoshea kwenye kiganja.

Vipuri vya mtengenezaji na vya sokoni

Ukishachagua njia ya pili, kuna uchaguzi mwingine ndani yake. Magurudumu ya mtengenezaji huwa ghali na huchelewa kufika. Ya sokoni hupatikana haraka na bei yake ni nafuu. Sina msimamo wa kukataa ya sokoni, mradi vipimo vitatu vilingane: kipenyo, upana wa mfereji wa gurudumu, na ugumu wa plastiki yake. Gurudumu gumu mno hunguruma hata likiwa jipya, na laini mno hupata bapa kwa uzito wa kioo kinachosimama usiku kucha mahali pamoja.

Kwa miji ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ninaangalia beringi kuliko kitu kingine chochote. Alama zilizochongwa pembeni hueleza mengi. Beringi yenye herufi ZZ ina ngao za chuma zinazozuia vumbi kubwa lakini huacha mwanya ambamo unyevu wa chumvi hupenya. Yenye herufi 2RS imezibwa pande zote mbili kwa mpira unaogusa, na ndiyo inayofaa karibu na bahari, hasa ikiwa ya chuma kisichoshika kutu. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kuwaita watu wawili kukishusha kioo kwa mara ya pili. Dodoma na bara kwa jumla, adui ni vumbi, na huko ratiba ya usafi ina uzito zaidi kuliko aina ya chuma. Pwani na mlango wa otomatiki wa kuteleza wana uhusiano wa zamani: Dee Horton na Lew Hewitt walianza kuubuni mwaka 1954 huko Corpus Christi, mji wa pwani wa Texas, baada ya kuona jinsi upepo mkali ulivyoitesa milango ya kusukuma.

Milango inayofunguka kwa bawaba nayo hupiga kelele, lakini uchaguzi wake ni mfupi. Mlio unaotoka kwenye viungo vya mkono unaovuta mlango huondolewa kwa grisi kidogo na kukaza skrubu, na bawaba za chuma, tofauti na magurudumu ya plastiki, zinaruhusiwa kupata mafuta. Mtambo wa haidroliki unaovuja oili hautengenezwi juu ya ngazi, kwa kuwa pampu yake ikishapoteza oili huharibu mwenendo wa kufunga na kuwa hatari kwa mtoto au mzee. Hapo badilisha kitengo.

Yapo mambo ambayo hayabadiliki, uwe umechagua njia ya kwanza, ya pili au ya tatu. Kazi ikishaisha, vihisi vya usalama vijaribiwe mlango ukiwa unafunga, kwa kusimama kwenye njia yake na kwa kupitisha kitu kifupi chenye kimo cha mtoto. Kama mlango uko kwenye njia ya kutokea wakati wa moto, usiachwe umefungwa kwa kufuli wakati matengenezo yanaendelea na watu wamo ndani. Ulaya hutumia kiwango cha usalama cha EN 16005 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2012, Marekani hutumia ANSI/BHMA A156.10, na Ujerumani hutaka milango ya umeme ya sehemu za kazi ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kwa mwaka. Mimi huweka miezi sita kwa mlango wa duka la pwani.

Unapopokea makadirio ya bei, yaandikwe kwa kila kipuri na kila saa ya kazi, na yaeleze kelele ilionekana kutoka wapi na jaribio gani lilifanywa. Karatasi inayosema tu "matengenezo ya mlango" irudishwe. Kazi ikikamilika, mwombe fundi akuachie magurudumu ya zamani, uyazungushe moja moja kwa kidole mbele yake, na usaini baada ya hapo.